Dakika Kumi za Mama Vichupa

Mwalimu aliiweka chupa mezani kwa kishindo, akarudi nyuma hatua moja, na sauti yake iliyozoea kufika dawati la mwisho ikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili.

"Hii siyo. Umeniuzia uongo."

Tuliishia hapo wiki iliyopita, na baadhi yenu hamjanisamehe. Kuna mama alipiga simu gazetini akitaka aambiwe papo hapo kama Mama Vichupa ni tapeli au si tapeli, maana amebishana na shemeji yake na atakayeshindwa ataosha vyombo mwezi mzima. Mama, usiguse sufuria bado.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Chini ya ngazi za jengo moja kuukuu la ghorofa nne kuna meza yenye wenyewe wawili. Upande wa kushoto hukaa Fundi Saa, mtu wa maneno machache na kibano mkononi. Upande wa kulia hukaa mkewe, Mama Vichupa, anayeuza manukato ya zamani.

Nikisema ya zamani nina maana yale ambayo viwanda viliacha kuyatengeneza siku nyingi, yakasahaulika kwenye droo za waliohama, kwenye saluni zilizofungwa, nyuma ya rafu za maduka ya dawa. Mama Vichupa huyanunua kwa boksi zima, akatenga yaliyokufa na yaliyo hai, kisha akayauza kwa matone. Ndiyo maana dada anayepiga deki ngazi zile hurudi kwao jioni akinukia kama mke wa mkurugenzi, na bado nauli anayo.

Mkabala na meza hiyo kuna duka la vioo na taa nyingi. Mwenye duka ni dada mkubwa wa Fundi Saa, yaani wifi yake Mama Vichupa. Yeye anauza manukato mapya kwenye maboksi yanayong'aa, na tangu mwaka jana amekuwa akiitaka ile nafasi ya chini ya ngazi iwe stoo yake. Hampendi wifi yake, na kusema hampendi ni kumstahi.

Na Mwalimu? Mwalimu ni mstaafu. Jumatatu alipita kwenda kutengeneza saa yake ya mkononi, Mama Vichupa akamnusisha tone moja kutoka chupa ya pembe nne yenye kifuniko cheusi, na mwanamke yule mzima akakaa kwenye ngazi akalia. "Ndiyo yeye," alisema. Ilikuwa harufu ya dada yake aliyemlea, akamsomesha, na mwaka jana akafariki. Akaomba awekewe. Jumatano akaja kuichukua. Mama Vichupa alikuwa mtaani akitafuta maboksi mengine, kwa hiyo Fundi Saa ndiye aliyemkabidhi, imefungwa vizuri kwenye gazeti. Natumaini halikuwa gazeti letu.

Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi, na Mwalimu amerudi na chupa yake.

Mama Vichupa si mtu wa kulialia. Ni mtu wa kukunja mikono ya blauzi. Aliikunja, akasimama, akamwomba Mwalimu akae, ajieleze taratibu.

Mwalimu akakataa kukaa. Akafungua mkoba, akatoa mtandio wa kijivu uliokunjwa mara nne, akaushika kwa mikono miwili.

"Mtandio huu sijaufua tangu afariki," alisema. "Ulikuwa bado una harufu yake kidogo. Jana jioni nikautia matone matatu ya hii chupa yako ili izidi. Sasa unanuka peremende. Dada yangu ameondoka mara ya pili, na safari hii nimemfukuza mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuamini wewe."

Watu walikuwa wameshajaa. Waliokuwa wanapanda waliacha kupanda, waliokuwa wanashuka waliharakisha. Hakuna aliyemtazama Mama Vichupa kwa jicho zuri. Mimi mwenyewe ningekuwepo ningesogea pembeni.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, kaegemea kioo, kakunja mikono. Aliwaambia watu kwamba yeye alishasema siku nyingi. Mtu anazunguka majumba ya marehemu, anaokota chupa, anazijaza maji ya bomba, halafu anawaita wenzake waje wanuse.

"Wifi, rudi ndani," Mama Vichupa akamjibu bila kugeuka. "Taa zako zinawaka bure."

"Zangu zinawaka. Ya kwako leo inazimwa."

Na kweli, mzimaji alikuwa anashuka ngazi. Msimamizi wa jengo wanamwita Kufuli, kwa kuwa hatembei bila makufuli manne yanayoning'inia kwenye mkanda wake, na ukimsikia anakuja unadhani ni mbuzi wa kengele. Jengo lile lina sheria kumi na nane ukutani na moja tu ndiyo inayofuatwa: ukikutwa na bidhaa bandia, unafunga siku hiyo hiyo na hurudi tena. Kufuli alishawafungia watu watatu kwa sheria hiyo. Hakumfungia hata mmoja kwa furaha, lakini aliwafungia.

Alisikiliza. Akamuuliza Mama Vichupa ana la kusema.

"Nipe dakika kumi," alisema Mama Vichupa.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayerudia jambo analolijua usingizini, kwamba manukato ya zamani hayanuswi kwa pupa. Ile harufu ya mbele ndiyo inayoharibika kwanza. Ukifungua tu inakupiga siki, au dawa ya kufutia rangi ya kucha, na asiyejua anakunja uso na kutupa. Ukingoja, siki inaondoka, na yule aliyejificha nyuma anatokea. Wapo wanaochukua dakika tano, wapo wanaochukua kumi. Pengine Mwalimu alinusa haraka. Pengine mtandio una vumbi. Anaomba dakika kumi mbele ya watu wote, na ikifika ya kumi harufu isiwe ile, afungiwe.

Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Mkumbuke.

Kufuli alichomoa kufuli kubwa kuliko yote, akaliweka mezani kando ya chupa. "Kumi," alisema. "Ya kumi na moja nafunga." Akamgeukia Fundi Saa, akamwambia kwa kuwa yeye ndiye mwenye saa, basi apime.

Fundi Saa hakuwa amesema neno tangu Mwalimu afike. Alivuta droo ya chini upande wake, akatoa saa ya kengele, akaifunga droo upesi. Mwalimu aliinua kichwa akatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Hakuona aliyemwita. Akainama tena kwenye mtandio wake.

Saa ikategwa. Mama Vichupa akachana karatasi nyeupe, akaiinamisha chupa. Shingo ya chupa zile za zamani ina kitundu chembamba mno, tone hutoka moja baada ya jingine kwa kubembelezwa. Likadondoka moja. Akapeperusha karatasi, akaipeleka puani.

Hakukuwa na siki.

Simama hapo kidogo, msomaji, maana yeye alisimama. Alikuwa ameomba dakika kumi, na pumzi moja tu ilikuwa imeshamwambia kila kitu. Chupa ya umri ule haiwezi kufunguka tamu. Hii ilifunguka tamu: peremende, maji ya matunda, sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Alikijua kile kilichopaswa kuwemo kama anavyoijua sauti ya mama yake. Siki kwanza, kisha shuka iliyotoka kupigwa pasi, kisha waridi ndani ya kopo la poda, na mwisho kabisa, ukiwa umeshakata tamaa, ngozi ya mkoba mzee wenye leso ndani. Hakuna hata kimoja. Mwalimu alikuwa anasema kweli tupu.

Aliogopa. Akashika ukingo wa meza.

Angeweza kunyamaza akale zile dakika tisa. Angeweza kusema ngojeni, ngojeni, bado inakuja. Wengi wetu tungesema hivyo, na anayekataa ni mwongo. Mama Vichupa akaweka karatasi chini.

"Mwalimu amesema kweli," alisema. "Hii siyo."

Wifi akapiga makofi mawili, taratibu. Kufuli akanyoosha mkono kwenye kufuli lake.

"Lakini si mimi niliyeitia. Nina dakika nane bado, Bwana Msimamizi. Ulinipa kumi."

Kufuli ni mtu wa neno lake. Mkono ukarudi.

Mama Vichupa akaomba taa ya mezani ya mumewe, ile anayoinamia akitengeneza saa. Fundi Saa aliishika kidogo kabla ya kuiachia. Mama Vichupa akaielekeza kwenye chupa, akamwita Kufuli asogee aone mwenyewe. Kwenye kioo, kwa ndani, chini ya nusu, palikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka chupa nzima. Na manukato yenyewe yalikuwa juu, karibu na shingo.

"Ni kama tangi la juu," alisema Kufuli, ambaye matangi anayajua. "Maji yakikaa sana mahali pamoja yanaacha alama."

"Basi umeshamaliza kazi yangu. Hii chupa ilikaa miaka na miaka ikiwa chini ya nusu. Jumatatu niliyomnusisha Mwalimu ilikuwa kwenye huo mstari. Mimi siwezi kuijaza hivi. Mtu yeyote anayejua vitu hivi anajua chupa ya zamani haijai, na ikijaa hakuna wa kuinunua. Aliyefanya hivi alidhani anaipendezesha. Ametoa cha Mwalimu, akatia chake, akajaza mpaka juu kama chai ya mgeni."

Dada wa deki, aliyekuwa ameshikilia fagio lake ngazi ya tatu, akasema kwa woga kwamba yeye amenunua matone pale mwaka mzima na hajawahi kudanganywa. Wifi alimgeukia akamuuliza tangu lini ndoo imepata pua. Hata hivyo, watu kama wawili walisogea upande wa dada wa deki.

Dakika ya nne.

Mama Vichupa sasa alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nguvu. Alivuka ile njia ya katikati mpaka mlangoni kwa Wifi, akasimama karibu hadi pua zao zikataka kugusana. Alimwambia kwamba hii harufu ya peremende anaijua. Ipo dirishani kwake, kwenye boksi la rangi ya waridi, safu ya pili. Mwalimu aje ainuse, Kufuli aje, jengo zima lije.

Mnadhani Wifi alitetemeka? Hamumjui.

"Ni ya kwangu," alisema. "Nauza nyingi kila wiki. Anayetaka ananunua. Hata wewe unaweza kununua, ukaenda ukajazia huko kwako. Tena mimi nadhani ndivyo ulivyofanya. Haya niambie wewe, kabati lako la chupa lina kufuli?"

"Lina."

"Ufunguo anao nani?"

Mama Vichupa akautoa shingoni, umefungwa kwenye uzi. "Huu hapa. Naoga nao."

"Uko na wewe peke yako?"

"Peke yangu."

Jibu hilo halikuwa la kweli, na aliyelitoa hakujua kwamba si la kweli. Lakini watu walilisikia, na nyuso zikabadilika tena. Kabati moja, ufunguo mmoja, mwenye ufunguo mmoja. Wale wawili waliosogea kwa dada wa deki wakarudi walikotoka.

"Mimi sina zaidi," Wifi akawaambia watu, kwa sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya kuliko zote alizonazo. "Ninachoumia ni mdogo wangu. Miaka kumi na minane anapofuka macho chini ya ngazi, kama panya, kwa sababu mke wake anataka meza ya vichupa. Kwangu dirishani jua linaingia tangu asubuhi. Nimemwambia aje akae pale, kuna nafasi yake. Anakataa kumwacha mtu kama huyu."

Hili la dirisha Mama Vichupa alikuwa halijui. Alimgeukia mumewe.

"Amekwambia lini?"

Fundi Saa alikuwa anafuta kioo chake cha jicho kwa kitambaa, akikizungushazungusha. Mkewe akasubiri. Miaka yote hiyo alikuwa amemzoea mtu asiyejibu haraka, na alikuwa anampenda hivyo hivyo. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba maneno ya mumewe ni machache lakini yote yana kazi. Leo alihitaji moja tu. Sema mke wangu si mwizi. Ni maneno manne.

"Dakika ya saba inakwisha," alisema Fundi Saa.

Msomaji, nimeandika hadithi hii majuma kumi na moja na sijawahi kutaka kumzaba kibao mtu niliyemtunga mwenyewe. Leo nimetaka.

Mama Vichupa akarudi mezani. Hapo ndipo alipoona karatasi.

Kwa kawaida tone la manukato likikauka karatasi inabaki safi, au yenye kivuli chembamba cha njano. Hii ilikuwa na doa. Doa la mviringo, kubwa kama kucha ya kidole gumba, lenye kung'aa. Kufuli aliliona wakati uleule. Aliichukua karatasi akaiinua mbele ya taa, na mwanga ukapenya kwenye lile doa kama unavyopenya kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

"Mafuta," alisema Kufuli.

"Mafuta ya kupikia," alisema Wifi mbio mbio. "Maji hayakutosha, kaongezea mafuta. Msimamizi, unangoja nini tena?"

Mwalimu akafungua mtandio wake, mara ya kwanza tangu afike, akautandaza mezani. Kwenye pembe moja palikuwa na madoa matatu ya mviringo, yanang'aa vilevile. Alikuwa hajayaona kwa mwanga wa nyumbani. Aliyagusa kwa kidole, akasugua kidole kwa kidole, akamtazama Mama Vichupa kwa macho ambayo ningependa kuyasahau.

"Haya hayatoki," alisema. "Hata nikifua. Na nikifua, yeye pia anatoka."

Hapo hakuna aliyebaki upande wa Mama Vichupa. Mtu mmoja alisema afungiwe. Mwingine alisema apelekwe mbele zaidi. Kufuli alichukua kufuli lake, akalifungua, likalia kwa sauti kavu.

"Bado dakika," alisema Mama Vichupa.

"Moja," alisema Kufuli.

Mama Vichupa akaichukua karatasi kwa mara ya mwisho. Hakuwa na matumaini. Alifanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi anayoijua. Peremende ilikuwa imekwisha kabisa, maana manukato ya Wifi hayakai, yanaondoka kama mgeni wa kukopa. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, ndogo, tulivu. Akafumba macho.

Hayakuwa mafuta ya kupikia. Ilikuwa harufu ya chuma baridi na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Aliijua. Aliijua kwenye mikono ya mashati, mkono wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Aliisugua kwa sabuni kila Jumamosi kwa miaka kumi na minane, na haikutoka hata siku moja, mpaka akaacha kuisugua akaanza kuipenda.

Mafuta ya saa.

Mambo yakajipanga kichwani mwake upesi kuliko alivyotaka. Shingo ya chupa ile ni nyembamba. Huwezi kutoa kilichomo wala kutia kingine bila sindano. Pale chini ya ngazi kuna sindano moja tu, ile ya kutia mafuta kwenye saa za ukutani. Na ufunguo wa kabati ulikuwa na mwenzake. Alimpa mumewe yeye mwenyewe, mwaka waliooana, na hakuuhesabu alipoulizwa kwa sababu hakuna anayehesabu mkono wake kuwa mtu wa pili.

Sasa fikirieni nafasi yake. Akisema, meza inapona na nyumba inabomoka, mbele ya watu wote hawa, na wifi yake akiwa shahidi. Akinyamaza, anabaki na mume, anafungiwa meza, na Mwalimu anarudi nyumbani na mtandio ulioharibika akiamini kwamba dada yake aliuzwa na mwanamke wa vichupa. Alimtazama mumewe. Fundi Saa hakumtazama. Alikuwa anaitazama saa ya kengele kama vile ndiyo saa ya kwanza kuiona maishani.

Kengele ikalia. Ikalia yote mpaka ikachoka, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

"Kumi," alisema Kufuli. "Nakuuliza mara moja, mama, kisha nafunga. Haya mafuta ni ya nini?"

Mama Vichupa hakumjibu Kufuli. Aliongea na mumewe, kwa sauti ileile anayoitumia kumwomba chumvi.

"Baba Watoto, nipe sindano yako ya mafuta."

"Ya nini?"

"Nipe."

Fundi Saa alisema haipo. Mkewe akamwambia ipo, ipo droo ya chini, imekuwa droo ya chini tangu siku ya kwanza. Kufuli akamtazama Fundi Saa, kisha ile karatasi mkononi mwa Mama Vichupa, kisha akamtazama Fundi Saa tena, na unaweza kusema lolote juu ya Kufuli lakini si mjinga. Alimwambia afungue.

Fundi Saa akashika kishikio cha droo. Alivuta. Droo ikafunguka upana wa kidole, akasita.

Upana wa kidole ulitosha.

Kwanza ikaja siki. Dada wa deki akakunja uso. Kisha, polepole, ikaja shuka iliyotoka kupigwa pasi. Ikaja waridi ndani ya kopo la poda. Mtu anaweza kutoa manukato ya mwenzake kwa sindano akatia mengine. Kumbe kuyamwaga kunahitaji moyo mwingine, na Fundi Saa hakuwa nao.

Mwalimu alishika ukuta wa ngazi, akainua kichwa. Safari hii alijua nani anamwita na kutoka wapi.

"Ndiyo yeye," alisema.

Watu wote wakaigeukia droo. Na kule upande wa pili, viatu vya Wifi vikasikika vikikimbia juu ya sakafu, na sauti yake ikawa imekwisha upole wote.

"Usifungue hiyo droo, mdogo wangu. Funga. Karatasi tuliyosaini ya stoo imo humo."